Pa Kumwoshea Mama

Choo cha nyumba ya Hamido kilianza kutapika siku ya Ijumaa, wanaume wakiwa bado msikitini. Nazira, mkewe, alikuwa jikoni akikuna nazi aliposikia kitu kinakoroma bafuni. Alidhani ni panya. Alipofungua mlango alikuta maji meusi yamefika kizingitini, yanataka kuingia sebuleni bila hodi. Alivua kapulana, kanga yake ya mabegani, akaizibia chini ya mlango, kisha akamwita binti yake Laila alete magunia. Nyuma ya nyumba mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kifuniko cha fosa, lile tangi la saruji linalopokea uchafu wa choo, kilikuwa kimeinuka upande mmoja, na uwanja mzima ulikuwa umelowa na kunuka.

Mvua ilinyesha juma zima, lakini mvua haikuwa na kosa. Hapa Palma hunyesha kila mwaka. Kosa lilikuwa la walioichezea ardhi. Kabla ya kujenga mtaa huu mpya, Bairro Novo, katapila za kampuni ya gesi zilikwangua udongo wote wa juu, zikajaza mabonde kwa udongo mwekundu wa kuletwa, kisha zikaushindilia mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Hapo zikajengwa nyumba zinazofanana, kila moja na choo chake cha ndani, sanita nyeupe ya kukalia, tangi, na dreno, yaani shimo la mawe ambalo maji ya tangi yanatakiwa kuishia na kuzama. Wakubwa walikuja wakakata utepe na kupigwa picha wamesimama kando ya sanita. Hakuna aliyeuliza kama udongo ule unaweza kunywa kitu. Kule Mchangani, kijiji chao cha zamani walichokiacha ili kupisha gesi, watu walichimba vyoo vya shimo kwenye mchanga wa pwani, na mchanga ulimeza kila walichoupa bila kulalamika.

"Nazira," sauti iliita kutoka chumba cha pili. "Harufu gani hiyo?"

Alikuwa Bi Mastura, mama yake Hamido. Miguu ilikuwa imemvimba na pumzi zilimjia kwa shida. Hospitalini Palma walisema moyo umechoka, apelekwe hospitali kubwa ya Pemba, mji mkuu wa mkoa. Na njia ya Pemba siku hizo ilikuwa ya wenye bunduki, hakuna shapa, gari la abiria, iliyothubutu. Kwa hiyo alilala ubavu, akasubiri.

"Choo, mama. Ni mvua tu."

"Mvua hainuki, mwanangu. Hamido akirudi mwambie aje kwangu kabla hajala."

Hamido alipokuja aliketi chini, karibu na kitanda. Bi Mastura hakumuuliza habari za msikitini.

"Mimi nimeosha maiti wa Mchangani tangu kichwa changu kiko cheusi," alisema. "Wanawake wote wamepita mikononi mwangu. Nimeosha masikini na nimeosha wenye majahazi, lakini sijamwosha mtu juu ya mavi. Sasa zamu ni yangu."

"Mama, usiseme hivyo."

"Niseme lini? Nikishakufa? Nataka nioshwe kwangu, mahali safi, anioshe Saquina niliyemfundisha. Mchimbe ufuo wa kupokea maji ya josho, na maji yaingie ardhini, yasirudi kunizunguka. Sitaki kupelekwa nyumba ya mtu. Niahidi."

Hamido aliahidi. Lakini alipotoka nje akasimama ukingoni mwa ule uchafu, alijua ameahidi kitu asichokuwa nacho.

*

Ofisi ya kampuni ilikuwa ndani ya kontena, na ndani ya kontena kulikuwa na baridi ya mashine. Mlinzi alimzuia Hamido mlangoni.

"Ndala ziache nje, senhor. Na usimame pale, upande ule upepo unakokwenda."

"Sijafika na fosa mimi. Nimefika na miguu."

"Ndiyo hiyo miguu ninayoisema."

Alisimama juani peku mpaka Cassamo alipotoka. Cassamo alikuwa kijana wa Mchangani vilevile, ila yeye alisoma, akapata koti la kampuni lenye mistari inayong'aa na kazi ya kuwasikiliza wananchi. Bi Mastura ndiye aliyemwosha bibi yake. Alimwita Hamido mjomba, akamsogeza nyuma ya kontena, mbali na mlinzi.

"Mjomba, nyumbani kwako mligeuza sanita."

Ni kweli waligeuza. Waliochora nyumba zile walizipanga kwa kufuata barabara, na sanita zote zikatazama kaskazini, na kaskazini ndiko kibla. Kwa mgeni ni kiti cha choo. Kwa Bi Mastura ilikuwa dhambi ya kila asubuhi; hawezi mja kwenda haja ameielekea kibla, wala ameipa mgongo. Alikataa katakata. Alivuka barabara kwa fimbo yake kwenda kutafuta kichaka, na vichaka katapila zilikuwa zimeshavimaliza. Madereva wa malori walimwona amechuchumaa wakampigia honi na kucheka. Siku hiyo alirudi kapulana imelowa, akakataa kula. Ndipo Hamido alipomwomba Shaweji, jirani yake, fundi wa saruji aliyeajiriwa na kampuni hiyohiyo, amsaidie kuizungusha sanita itazame mashariki. Ilibidi kuvunja sakafu kidogo na kuunga bomba kwa kona. Wengine walipoona, nao wakamwita Shaweji. Karibu nusu ya bairro ilikwisha kugeuzwa.

"Tuligeuza," Hamido alisema mwishowe. "Lakini kwa jirani yetu Atija hawakugeuza na kwake kumejaa. Shuleni hawakugeuza na kumejaa. Tatizo ni ardhi, Cassamo. Wewe unajua."

"Najua. Na injinia anajua." Cassamo aliangalia huku na huku. "Nisikilize, mjomba. Kampuni ikikubali kwamba ni ardhi, itabidi ifumue bairro zima. Ikiwa ni watu waliovunja mabomba, ni matengenezo ya nyumba mojamoja. Jumatano kuna mkutano. Ukisimama ukasema uligeuza sanita, bomba likaharibika, wewe utatengenezewa wa kwanza. Watakuletea mchanga, bomba jipya, kila kitu. Mchanga utakuwa umeshashushwa kabla ya Ijumaa."

"Na wengine?"

"Watapangiwa."

"Lini?"

Cassamo alitoa simu mfukoni akaitazama, ingawa haikuwa imelia.

*

"Utamtaja Shaweji?" Nazira aliuliza. Walikuwa wamechuchumaa nyuma ya nyumba, wanachota uchafu kwa makopo na kuutia kwenye ndoo, kazi waliyoifanya sasa kila alasiri kama watu wanaochota maji kisimani. Ndoo zenyewe hawakujua pa kuzimwaga. Walizibeba hadi ng'ambo ya barabara, mahali palepale Bi Mastura alipochekwa.

"Kwa nini nimtaje? Nitasema nimegeuza mwenyewe."

"Wewe? Usiyejua kuchanganya saruji ya kuzibia ufa? Watakuuliza."

"Basi nifanyeje, Mama Laila? Niambie wewe. Ingia mle ndani umwambie mama asife mpaka kampuni ione haya."

Nazira alichota kopo jingine. Kutoka chumbani walisikia Bi Mastura anakohoa, kisha anamuuliza Laila kama nje kumekauka. Laila akasema kunaanza kukauka, bibi. Mtoto amejifunza uongo, Nazira aliwaza, na aliyemfundisha ni choo.

*

Mkutano ulifanyika chini ya turubai la kampuni. Injinia Verónica, mwanamke wa kusini, wa Maputo, alitundika michoro akaieleza kwa Kireno, na Cassamo akafasiri. Njia zilikuwa kadhaa, alisema. Kuchimba dreno jingine pale uwanjani. Au kujenga kilima cha mchanga safi juu ya ardhi, maji ya tangi yapandishwe huko yazame polepole. Au bomba moja kubwa la bairro zima mpaka bwawa la pamoja. Au kila mtu arudie choo cha shimo.

"Mwambie injinia," alisema Bi Saquina, mke wa Shaweji, "tunataka hicho kilima. Kila nyumba."

Cassamo akafasiri. Verónica alikunja mchoro wa kilima taratibu. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Juma lililopita alichimba shimo kwa mikono yake, akalijaza maji, akarudi kesho yake akayakuta yamesimama vilevile. Aliwaambia wakubwa wake, na wakubwa wakamuuliza kama anaipenda kazi yake. Alikuwa na mama Maputo na ada za wadogo zake.

"Kilima ni ghali," alisema. "Kwanza lazima tujue chanzo cha uharibifu. Tumesikia kuna wananchi waliobadilisha vifaa."

Cassamo alimtazama Hamido. Hamido alisimama. Baadaye hakukumbuka alivyosimama, alikumbuka tu kwamba jasho lilimwingia machoni.

"Mimi niligeuza sanita," alisema. "Ilitazama kibla. Niligeuza, na bomba nadhani liliharibika."

"Hamido!" mtu aliita nyuma. "Kaa chini, wewe!"

"Uligeuza peke yako?" Cassamo alifasiri swali la injinia, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Hamido alijifuta jasho. Watu wote walijua jibu, na wengi kwao waligeuziwa na mikono ileile. Shaweji mwenyewe alikuwa amesimama kwenye nguzo ya nyuma, na helmeti ya kampuni kichwani, ametoka kazini moja kwa moja. Hamido aliwaza kusema ndiyo, peke yake. Akamwaza mama yake amelala pale, maji meusi yanapita chini ya kitanda cha josho.

"Nilisaidiwa na Shaweji."

Shaweji alivua helmeti, akaiweka chini polepole, akatoka nje ya turubai.

Injinia alisema kwamba basi chanzo kimejulikana. Nyumba zilizobadilishwa, matengenezo ni juu ya wenyewe, isipokuwa huyu bwana aliyesema kweli, kampuni itamsaidia kwa ajili ya ugonjwa wa mama yake. Zisizobadilishwa zitakaguliwa. Hapo palizuka kelele hata Cassamo akaacha kufasiri. Bi Saquina hakupiga kelele. Alikuja mpaka mbele ya Hamido akamtazama tu, akaondoka, na Hamido aliona afadhali angemtukana.

*

Ukweli, kampuni ilitimiza ahadi. Alhamisi lori lilishusha mchanga mweupe nyuma ya nyumba ya Hamido, mafundi wakajenga kilima, wakaweka bomba jipya na pampu ndogo, wakakwangua uchafu wote wa uwanjani wakaubeba. Hata sanita waliikuta inatazama mashariki wakaiacha ilivyo. Choo kikaacha kukoroma. Majirani walisimama vichochoroni mwao, miguu kwenye tope lao, wakatazama kazi hiyo mpaka mwisho.

Nazira alichota mchanga kwenye kopo akampelekea mkwewe. Bi Mastura aliutia vidole, akakuta vipande vya kome.

"Huu wa Mchangani."

"Ndiyo, mama. Wameuchota kulekule. Dereva kasema."

"Wametuondoa sisi, wakaja kuuleta mchanga." Alicheka mpaka kikohozi kikamkata. "Na kwa Saquina wametengeneza?"

Nazira alimgeukia mumewe aliyekuwa mlangoni. Asubuhi ile Shaweji alikuwa ameambiwa asirudi tena kazini. Kwao maji yalikuwa yamepita kizingiti, na watoto wanalala juu ya meza.

"Wako njiani, mama," Hamido alisema.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mastura. "Maana si vizuri mtu mmoja kukauka peke yake."

Hamido alitoka. Aliingia chooni, akafunga mlango, akakaa juu ya sanita akalia kwa aibu, na akavuta maji ili wasimsikie.

*

Bi Mastura alifariki asubuhi moja Nazira akimnywesha uji. Kijiko kilikuwa bado mkononi. Hamido alimfumba mama yake macho, akamwachia Nazira na Laila kilio, akatoka kwenda kwa Saquina. Ilikuwa nyumba ya pili tu kutoka kwake, na njia ilimshinda. Mbele ya mlango walikuwa wamepanga matofali ya kukanyagia. Shaweji alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono haina kazi.

"Assalamu aleikum."

"Waaleikum salaam," Shaweji aliujibu ukuta, kwa kuwa salamu haina budi kujibiwa.

"Mama ametangulia."

Saquina alitoka. "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," alisema, na uso ukamvunjika, akajifunika kwa kapulana.

"Alitaka umwoshe wewe, dada," Hamido alisema.

"Najua alichotaka. Aliniambia mimi kabla hajakwambia wewe." Alijifuta macho. "Nenda. Mwambie Nazira achote maji mengi. Nakuja na wenzangu."

Walikuja wanne. Kila mmoja alikuwa na mfuko wa plastiki kwapani, na miguu yao ilikuwa myeusi hadi kwenye vigimbi. Saquina alisimama kizingitini asiingie.

"Bafu lako liko wapi?"

"Maji ya josho tumeshayaweka nyuma, dada. Na ufuo umechimbwa."

"Sijauliza ya josho. Nimeuliza bafu. Unataka tumguse Bi Mastura hivi tulivyo? Kwetu tutaogea wapi?"

Hamido alionyesha mlango. Waliingia mmojammoja. Yeye alibaki nje, akisikia ndoo zinamwagwa na maji yanateremka bombani vizuri, bila kukoroma. Kila mwanamke alitoka amevaa kapulana safi aliyokuja nayo mfukoni, nguo chafu zimo mfukoni sasa, akampita bila neno. Hakuwalaumu. Alitamani angalau mmoja aseme bafu lake ni chafu.

Nyuma, kwenye mchanga safi uliobaki kando ya kilima, walizungushia mikeka na shuka. Hamido hakuruhusiwa kuona, lakini alisikia. Alimsikia Saquina akimwambia marehemu kwa sauti ya upole, kama mtu anavyomwamsha mama yake, "Bibi, geuka kidogo. Haya. Mkono wa kulia." Alisikia maji yakimiminwa, na hayakusimama hata kidogo. Mchanga uliyanywa yote. Mama yake alioshwa kwake, mahali safi, na mtu aliyemtaka, na Hamido alisimama nyuma ya mkeka hana hata furaha ya kutimiza ahadi.

Wanaume walikuja kwa sala na kwa maziko, maana hayo ni haki ya marehemu. Shaweji alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi. Njiani kwenda makaburini watu walipokezana jeneza, na kila Hamido alipoingiza bega, aliyekuwa mbele yake alimpisha mtu mwingine akajitoa. Mkono wa pole walimpa, mmojammoja, vidole tu. Walipotoka makaburini walitawanyika kila mtu na njia yake.

Nazira alikuwa amechinjisha mbuzi wake wa pekee na kupika wali masufuria mawili makubwa, wa nazi, wa watu wengi. Mikeka ilitandikwa mbele ya nyumba. Wanawake wanne waliomwosha Bi Mastura ndio waliobaki mwisho, nao walikuwa wanakusanya mifuko yao.

"Dada Saquina," Hamido alisema. "Dada, kaeni basi mle. Chakula cha mama hiki. Wali umeshaiva, nyama ipo. Msituache hivi."

Saquina alikuwa ameinama kufunga mfuko wake, na aliufunga kwa muda mrefu.

"Tukila tutataka choo, Hamido," alisema bila kuinua uso. "Na choo hatuna."